Mwaka Niliokaa na Nassor Xiaobei

Mwezi uliopita tulikutana kwenye bustani ya hoteli moja huko Mikocheni, sisi tuliosoma Uchina zamani. Nyama ikachomwa, wake na waume wakatambulishana, na sisi wenyewe tukawa tunarushiana Kichina kilichochakaa, tukicheka kabla hata sentensi haijaisha. Baadaye mmoja wetu akasimama kuwataja waliotangulia mbele ya haki, na kwa kila jina tukainamisha vichwa. Nilisubiri jina la Nassor. Halikuja. Nilipolitaja mimi, bwana mmoja ambaye siku zile alikuwa mwembamba kama ufito na sasa ana kitambi cha heshima akacheka puani. "Nassor yupi? Yule wa pati?" Wengine wakageukia sahani zao. Nikamjibu, "Ndiyo, yule wa pati," nikaiweka sahani yangu chini. Nilirudi nyumbani na hasira ya kizee, ile isiyo na kelele, inayokukalisha kitandani mpaka kunakucha. Ya wazazi wangu na shule nilizopitia sitayaeleza hapa, wala ya namna nilivyopata ufadhili. Nitaeleza mwaka mmoja tu, katikati ya ile miaka ya elfu mbili, wakati mji wa Guangzhou ulipokuwa ukibomolewa na kujengwa upya kila wiki, nami nilikaa nyumba moja, mtaa wa Xiaobei, na mtu aliyekuwa akiitwa Nassor.

Tulikutana Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla ya vifaa vya shule na vitu vya kuchezea. Nilikuwa nafanya ukalimani siku za mapumziko, na siku ile nilikuwa na mama mmoja wa Mwanza aliyetaka madaftari na penseli za duka lake. Laoban, yaani mwenye duka, alikuwa amenigomea kabisa. Kila nilichosema alijibu "meiyou", hakuna, huku akiendelea kula mbegu za alizeti. Nyuma yangu nikasikia sauti laini ya Kiunguja: "Dada, usimuombe. Mwambie kiatu chake kizuri." Nikageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, nywele zimekatwa kwa ustadi ambao nilikuwa sijauona kwa Mwafrika yeyote pale mjini. Alimsifu laoban kiatu, akamuuliza mtoto wake anasoma wapi, akajikalia kwenye boksi kama mwenye nyumba, na kabla chai haijapoa mama wa Mwanza alikuwa amepata bei aliyoitaka. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwanunulia na kuwasindikiza wafanyabiashara wa Dar na Unguja. Tulipotoka nje akaniuliza ninalala wapi. Nikamwambia bwenini, na panya wanalala nami. Akacheka. "Mie nina chumba kitupu Xiaobei, na naogopa nyumba kimya. Njoo, shoga."

Neno hilo aliniita mpaka mwisho. Pwani mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenziwe anayempenda, na mitaani watu humrushia mwanamume neno hilohilo kama jiwe. Nassor alilijua jiwe hilo. Alikuwa amelipoza mkononi akalifanya jina la mapenzi, akanipa mimi. Kwa watu wa mtaani alinitambulisha kuwa binamu yake, na kwa kuwa mimi ni Mkristo wa bara na yeye ni Mwislamu wa Unguja hakuna aliyeamini, wakadhani mimi ni hawara yake. Tuliwaacha wadhani hivyo. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya tisa, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilinuka samaki asubuhi na mafuta ya nywele jioni. Vyumba viwili, jiko la kusimama mtu mmoja, kibaraza cha vigae kilichojaa katoni za sampuli. Nassor alikuwa amepaka sebule rangi ya samawati kwa mkono wake mwenyewe, na dirishani aliotesha mrehani kwenye kopo la maziwa.

Nilihamia majira ya kuchipua, wakati ule ambapo Guangzhou hutokwa jasho. Unyevu huingia kutoka kusini, kuta hulia, sakafu huteleza, na nguo zilizofuliwa Jumatatu huwa bado mbichi Ijumaa. Asubuhi moja niliamka nikasikia mvumo sebuleni. Kijana wa Kichina alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, amekitundikia shati la Nassor, analikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Alikuwa akifanya hivyo taratibu, kola kwanza, kisha vifungo, kama anamshughulikia mtu aliyelivaa. Aliponiona akasimama, akainama, akaniambia anaitwa Wei na ni kinyozi. Halafu akarudi kwenye shati. Mezani kulikuwa na uji wa wali wenye tangawizi na vipande vya yai lililohifadhiwa mpaka likawa jeusi, mabakuli matatu. Nassor alitoka bafuni na taulo begani, akatutazama sote wawili, uso wake ukabadilika. Alinifuata chumbani. "Basi ushajua," alisema. "Utahama?" Nikamwambia, "Nihame niende wapi, na uji ushaiva?" Akakaa kitandani kwangu akajifunika uso kwa taulo, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani anacheka.

Miezi ile ya mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali popote. Jumapili Nassor alipika pilau kwa nyama ya kondoo aliyoinunua kwa Waislamu wa kaskazini waliouza nje ya msikiti, na Wei alikatakata kachumbari nyembamba kama nywele anazonyoa. Wakija marafiki zao, vijana wa saluni, wa benki, wa vyuo, walikaa sakafuni wakala kwa mikono kama alivyowafundisha, wakaitana tongzhi. Katika Kichina cha siasa neno hilo maana yake ni ndugu, ndugu kwa ule uzito tuliokuwa tukiusikia redioni enzi za chama kimoja, na vijana wale walikuwa wamelichukua wakalifanya lao, jina la wanaume wanaopenda wanaume. Nilipomweleza Nassor hivyo alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo kila aliyegonga mlango alimpokea kwa, "Karibu, Ndugu Mwananchi!"

Lakini kulikuwa na upande mwingine wa wiki. Kuanzia Alhamisi jioni simu zilianza kulia, na Nassor alianza kutembea sebuleni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Aliondoka Ijumaa kwenda kwenye pati, akarudi Jumapili mchana akiwa kijivu, meno yakisagana, mkononi amekumbatia chupa ya maji. Vijana wale walikuwa na vidonge walivyoviita vya kutikisa kichwa, na baadaye ukaja ule unga mweupe wa nusukaputi ambao mji mzima uliuita kwa herufi moja tu, kama kwamba jina lingeutia aibu. Wei hakutumia. Alikwenda naye mwanzoni ili amrudishe, akaacha baada ya kuona harudishiki, akawa anabaki nasi akichemsha supu ya mifupa na mizizi ya yungiyungi, supu ya kumsubiri mtu. Tulikaa tukisikiliza lifti. Nilimuuliza mara moja kwa nini haondoki. Alifikiri, kisha akasema kwa Kichina chenye lafudhi ya kwao, Hunan, "Jumanne hadi Alhamisi ni mtu mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona."

Chini yetu, ghorofa ya tatu, Mama Aziza wa Temeke alikuwa akiuza chakula nyumbani kwake, ugali na samaki, wali wa nazi, chapati. Hapo ndipo habari zote za Waswahili wa Guangzhou zilipopikwa na kupakuliwa. Mlango wa jikoni ulikuwa pazia tu, na siku moja nikiwa nakoroga chai yangu jikoni nilimsikia Haji Makame upande ule. Haji alikuwa mfanyabiashara wa viatu, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, ambaye hakununua hata jozi moja bila Nassor. "Kijana kaharibika yule," alikuwa akisema. "Wachina wamemharibu." Mama Aziza akamjibu, "Haji, si ndiye aliyekusindikiza jana?" "Ndiye. Bei anaijua. Lakini mimi siwezi kula naye sahani moja." Nilinyanyua pazia nikaweka kikombe changu juu ya meza yao. Haji alinisalimia kwa adabu, akaniuliza habari za masomo.

Wakati wa joto ndipo Lin alipokuja. Alikuwa msichana wa chuo cha filamu, mfupi, miwani mikubwa, anavuta sigara bila kuikumbuka. Kaka yake alikuwa mmoja wa vijana wale wa Ijumaa, na alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kaanguka chooni kwenye pati na hakuna aliyethubutu kuita gari la wagonjwa kwa kuogopa polisi. Lin alitaka kutengeneza filamu ya kuigiza kuhusu maisha yale, wala si ya kuwasema vibaya. Alikuja na kamera ya mkononi ya kuazima, akakaa kwenye sakafu yetu akila pilau, akimwangalia Nassor. Mwishowe akasema anamtaka yeye awe mhusika mkuu, mgeni anayewasili mjini asiyejua mtu, akapokelewa, akapendwa, akaangamia. Nami niwe mkalimani pale Kichina cha Nassor kitakapokwama. "Mwambie mimi si mwigizaji," Nassor aliniambia, ingawa Kichina chake kilitosha kabisa kumwambia mwenyewe. Nilitafsiri. Lin akajibu, "Ndiyo maana."

Tulipiga picha za filamu mchana, kwenye nyumba ya rafiki yake upande wa Tianhe, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi ili uwe usiku. Kiyoyozi kilizimwa kwa sababu ya kelele. Vijana wale walikuja kweli, wakavaa kweli, wakajipaka pambo mashavuni. Jambo nililokuwa silijui ni kwamba kwenye filamu muziki huwekwa baadaye. Lin alipiga makofi machache wapate mdundo, kisha akanyamaza, nao wakacheza bila muziki wowote. Sijasahau. Chumba kimejaa wanaume wanaoruka na kuinua mikono, na kinachosikika ni soli za viatu tu, na pumzi, na mara moja moja mifupa ya goti. Kwa mara ya kwanza niliiona pati ilivyo ukiiondolea kelele. Kila mmoja alikuwa amefumba macho. Lin alisema wasimame, wote wakasimama ila Nassor. Aliendelea katikati yao, jasho likimtoka kidevuni, mpaka Wei alipokwenda akamshika mikono yote miwili akaishusha, kama unavyoshusha nguo kwenye kamba.

Tulipopumzika nilimkuta amekaa kwenye kigoda cha plastiki nje ya choo. Siku zile alikuwa hawezi kukaa mbali na choo. Alikojoa kila baada ya muda mfupi, matone tu, na kila mara alishika ukuta. Alisema ni joto. Nilimpa maji, nikamuuliza lile swali nililolikwepa tangu majira ya kuchipua: "Nassor, kwani kuna nini kule Ijumaa ambacho huku hakipo?" Alinitazama kwa upole. "Shoga, mie tangu mtoto najiangalia. Nikitembea najiangalia, nikicheka najiangalia, nisije nikacheka vibaya. Kwa Haji najiangalia, msikitini, kwenye simu. Kule kuna saa mbili ambazo siko. Hakuna wa kumwangalia." Nikamwambia kwamba kwetu Xiaobei hakuwa na haja ya kujiangalia. "Najua," alisema. "Ndiyo inayonitisha. Nimechelewa kujifunza kutojiangalia." Lin akaita, Nassor akanyanyuka.

Filamu ilionyeshwa mara moja tu nijuavyo, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitabu, mwanzoni mwa vuli, juu ya shuka lililotundikwa ukutani. Haikuwa na kibali chochote. Vijana walijaa mpaka ngazini. Walianza kwa kupigiana miluzi kila mmoja alipojiona, kisha kidogo kidogo wakanyamaza. Kwenye tukio la mwisho mgeni yule anaosha uso kwenye sinki, ananyanyua kichwa, anajitazama kwenye kioo muda mrefu, na Lin hakukata. Nilikuwa nimekaa kati ya Nassor na Wei. Nikasikia Nassor akininong'oneza kwa Kiswahili, kwa mshangao wa kweli, kama anauliza habari za mtu asiyemjua: "Mbona kakonda hivi huyu bwana?" Wei hakuelewa maneno, lakini aliielewa sauti, akapitisha mkono nyuma ya kiti changu akamshika bega.

Baada ya usiku huo aliacha. Nataka hilo liandikwe, maana wale wa bustanini hawalijui. Aliacha kwa wiki nyingi, simu akaizima Alhamisi, akatetemeka, akatapika, akamtukana Wei matusi ya Kiunguja yenye ufundi mkubwa, akamwomba radhi. Tulikula mapema kama wazee. Wei alimpikia samaki wa mvuke, mimi nikampikia mchicha, naye akatukosoa sote. Alirudia kusali. Alianza kuwafundisha vijana wa jengo letu Kiingereza cha biashara, akakata majani makavu ya mrehani wake. Hata Haji Makame alisema kijana kapata nuru usoni. Lakini maumivu hayakuacha. Yalizidi, akawa analala amejikunja, na mkojo ukawa na damu. Nasi tuliokuwa tukidhani unga ule unakula akili tu tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima, mchovu, asiyepandisha sauti. Alisema kibofu kimesinyazwa na unga ule kikawa kama cha mtoto mchanga, na maradhi yamepanda hadi kwenye figo, na kwamba miaka hii anawapokea vijana wengi wa namna hiyo, na wote huja wakiwa wamechelewa. Nilitafsiri yote. Nassor akasikiliza akiangalia mikono yake. "Muulize," alisema, "kama nikiacha kabisa." Daktari aliuelewa mwenyewe ule uso wake. "Mwambie ameshafanya vizuri kuacha," alisema, akaanza kuandika dawa.

Nilimsihi arudi nyumbani. Alisema nyumbani ameshachaguliwa mchumba, na hatamfanya binti wa watu mjane kwa ndoa ya uongo. Wiki mbili baadaye akaanza tena kutoka Ijumaa. Sikugombana naye, wala Wei. Maumivu yalikuwa makali mno, na unga ule ule uliokuwa ukimuua ndio uliomwondolea maumivu. Mwisho ulikuja wakati wa baridi, karibu na mwaka mpya wao, mji unapomwagika kwenda vijijini na maduka yote yanafunga, na Xiaobei inabaki na Waafrika peke yao kama watu waliosahauliwa kwenye stesheni. Homa ilimshika asubuhi, jioni akawa hatutambui vizuri. Alikufa hospitali siku ya tatu, alasiri, Wei akiwa anamlisha uji kwa kijiko. Alimeza kijiko kimoja, cha pili hakukimeza. Wei alikaa na kijiko kile mkononi mpaka muuguzi alipokichukua.

Nyumbani kwao waliridhia azikwe kulekule. Imamu wa msikiti alikuwa Mchina mzee mwenye kofia nyeupe, na alipofika kwenye chumba cha kuoshea maiti aliwauliza wafanyabiashara waliokusanyika uani nani kati yao ni ndugu wa marehemu, aingie kumwosha. Nilitafsiri kutoka mlangoni. Watu wakaangalia viatu vyao. Kisha Haji Makame akavua koti, akakunja mikono ya kanzu, akaingia bila kumtazama mtu, na wengine wawili wakamfuata. Alipotoka alikaa kwenye ngazi, ndevu zake zimelowa. "Dada," aliniambia, "mtu yule alikuwa mifupa. Na juzijuzi tu kanibebea mabegi yangu hadi ghorofa ya nne. Hakusema kitu. Mbona hakusema kitu?" Makaburini wanawake hawakukaribia, na Wei hakujua kama anaruhusiwa, kwa hiyo tulisimama wawili nje ya lango, yeye amevaa lile shati jeupe la Nassor ndani ya koti lake, tukasikiliza udongo.

Siku mbili baadaye simu ya Nassor ililia nyumbani. Nilipokea. Alikuwa mama yake, kutoka Unguja, sauti ndogo yenye mikwaruzo ya mbali. Alinishukuru, akaniombea dua ndefu, akaniuliza kaburi lipo wapi, lina kivuli, udongo wake mwekundu au mweusi. Nilimjibu yote. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu," alisema, "n'na jambo moja nakuuliza, na usinifiche. Alikuwa na mtu wake huko?" Wei alikuwa amekaa mbele yangu, mabakuli mawili ya tambi mezani, lake hajaligusa tangu asubuhi. Nikasema, "Alikuwa naye, mama." "Akimpenda?" "Akimpenda sana. Ndiye aliyekuwa akimlisha mpaka mwisho." "Anaitwa nani?" "Wei." Alijaribu jina hilo mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Namshukuru Mungu kwa Kiswahili chetu, kwamba ukisema yeye umesema yeye tu, hujasema mwanamume wala mwanamke, na mama yule hakuniuliza zaidi ya hapo. Sijui kama hakujua au alijua. "Yupo hapo?" akauliza. "Yupo." Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi mwambie nimempa mkono wa tanga. Mwambie asikae peke yake. Na kama ana mamaake, amwendee, sikukuu hii asimkose. Na ale. Mwambie mama kasema ale."

Nilimtafsiria Wei neno kwa neno, na mkono wa tanga nikaueleza kuwa ni mkono wa pole anaopewa mfiwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza kama mama anajua. Nikamwambia sijui. Akavuta bakuli lake, tambi zilizokwisha kupoa, akaanza kula.